Risasi fupi ndani ya bunduki ndefu

Kama wewe ni mtazamaji wa filamu za Kihindi, hasa zile ambazo polisi hufika wakati jambazi amekwisha kuchapwa na mwigizaji mkuu, bila shaka umewahi kuiona bunduki ninayotaka tuizungumzie leo. Ni ndefu, nzito, imevikwa mbao karibu mwili mzima, na chini yake, mbele kidogo ya kifyatuo, pana kijisanduku cha chuma. Askari akitaka kufyatua risasi ya pili hana budi kushika mkono wa bolti, auinue, auvute nyuma, ausukume mbele, kisha aulaze tena.

Hapa kwetu bunduki hiyo si ngeni. Wazee waliopigana Burma wakiwa wanajeshi wa King's African Rifles waliilalia na kuiamkia. Ilionekana tena vijijini na misituni wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka wa 1952. Baada ya uhuru iliendelea kubebwa na polisi wa akiba katika sehemu kame za kaskazini, ambako mwenye ng'ombe hulala jicho moja likiwa wazi. Wengi waliijua kwa nambari ya risasi yake tu, .303.

Lakini hebu itazame tena filamu hiyo. Ukiwa na jicho kali utatambua kwamba baadhi ya bunduki hizo zina kijisanduku kilichokatwa mshazari kwa chini, ilhali nyingine zina kijisanduku chenye pembe za mraba, mithili ya pakiti ya majani chai. Mengine yote yanafanana, mbao kwa mbao, chuma kwa chuma. Ukadhani ni bunduki moja. Sivyo. Ile ya kwanza hula risasi ya .303. Ya pili hula risasi nyingine kabisa, iliyo fupi, na askari akizichanganya usiku wa manane, bunduki aliyonayo haimfai zaidi ya rungu.

Jinsi bunduki ya risasi ndefu ilivyofundishwa kula risasi fupi ndicho kisa cha leo. Ndani yake mna vita vilivyopotezwa kwenye theluji, kiwanda kando ya mto, kipande cha mbao kilichotumiwa kuwanyima watu nguvu, na bunduki moja ambayo watu wa barabarani hawakuisikia ikilia.

TUMBO LA BUNDUKI

Watu wengi hudhani kwamba magazini, yaani kijisanduku kile, ni mkoba tu wa kutilia risasi. La hasha. Magazini ni tumbo na pia ni mkono unaolisha. Ndani yake, chini kabisa, mna springi. Juu ya springi pana kibati ambacho risasi hukalia. Na juu kabisa, mahali pa kutokea, kuta za kijisanduku zimekunjwa kwa ndani zikafanya kitu kama midomo miwili. Midomo hiyo ndiyo huizuia risasi ya juu isiruke nje.

Askari anapovuta bolti nyuma, ganda tupu hutolewa na kutupwa kando. Anapoisukuma mbele, uso wa bolti hugonga kitako cha risasi iliyo juu na kuisukuma. Ncha ya risasi hupanda kijiteremko kidogo cha chuma, huelekea katika chumba kilicho mwanzoni mwa mtutu, na wakati huohuo midomo huachilia kitako chake. Ikiachilia mapema mno, risasi huruka ovyo. Ikichelewa, ncha huinuka kupita kiasi na kukwama. Kwa hivyo urefu wa risasi, unene wake, umbo la kitako chake na mahali midomo inapoachia ni mambo yaliyopimwa pamoja, kama ufunguo na kufuli yake.

Aliyebuni kijisanduku cha aina hii alikuwa James Paris Lee, mzaliwa wa mji wa Hawick huko Scotland mwaka wa 1831, aliyepelekwa Kanada akiwa mtoto na baadaye akafanyia kazi Marekani. Mwaka wa 1879 alipata hataza ya magazini iliyowekwa chini ya bolti, risasi zikiwa zimelala moja juu ya nyingine. Kabla ya hapo bunduki nyingi zilizobeba risasi kadhaa zilizipanga katika bomba chini ya mtutu, ncha ya moja ikigusa kitako cha nyingine. Waingereza waliuchukua ubunifu wake mwaka wa 1888, na kufikia mwaka wa 1895 bunduki yao ikaitwa Lee-Enfield, Lee likiwa jina la mbunifu na Enfield mahali palipokuwa na kiwanda, kaskazini mwa London.

Risasi ya .303 ina urefu wa takriban milimita 78 kutoka kitako hadi ncha. Ganda lake limepungua unene kuelekea mbele, na kitako chake kina ukingo uliotokeza nje, mfano wa kofia pana. Ukingo huo ulikuwa na faida yake, kwani uliizuia risasi isizame mno katika mtutu. Lakini ulikuwa pia na balaa lake. Risasi zikipangwa vibaya, ukingo wa ile ya juu ukawa nyuma ya ukingo wa ile ya chini yake, zilishikana kama watu wawili wanaogombania mlango mmoja, na hakuna iliyotoka. Ndiyo maana kuruta alifundishwa kupanga risasi zake kwa uangalifu, ukingo wa juu ukitangulia wa chini, hata kama adui amekaribia. Magazini ilikatwa mshazari kwa sababu ya umbo hilo la risasi: kitu kinene nyuma na chembamba mbele hakiwezi kupangwa kikasimama wima.

Naam, kwa risasi yake hiyo, bunduki ya Lee-Enfield ilikuwa hodari. Ilibeba risasi 10, na bolti yake ilikwenda upesi kuliko ya wapinzani wake wengi. Kwa zaidi ya nusu karne Uingereza iliendelea kuitumia.

THELUJI YA MWAKA WA 1962

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mataifa ya Magharibi yalikubaliana kutumia risasi moja ili majeshi yao yaweze kusaidiana. Iliyochaguliwa, katika miaka ya mwanzo ya 1950, ni ile ya milimita 7.62 ambayo ganda lake lina urefu wa milimita 51. Hii ndiyo risasi ambayo polisi wetu waliitumia kwa miaka mingi katika bunduki ya G3. India haikuwa mwanachama wa muungano huo wa kijeshi na haikuwa na haraka. Wanajeshi wake waliendelea na .303 waliyorithi kwa Waingereza, ambayo kiwanda chao cha Ishapore, kando ya mto Hooghly karibu na Kolkata, kilikuwa kikiitengeneza tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20.

Halafu ikaja tarehe 20 Oktoba, 1962. Majeshi ya China yalivuka mpaka unaobishaniwa katika milima ya Himalaya. Vita hivyo vilichukua mwezi mmoja tu, hadi China iliposimamisha mapigano tarehe 21 Novemba, lakini India ilipoteza zaidi ya wanajeshi 1,000. Walipigana kwenye baridi kali, wengi wakiwa na mavazi ya nchi tambarare. Mikononi walikuwa na .303 za kuvuta bolti baada ya kila risasi, wakati Wachina wengi walikuwa na bunduki zinazojijaza zenyewe kila zinapofyatuliwa.

Itakuwa dhuluma kusema kwamba bunduki ndiyo iliyoleta kushindwa huko. Barabara zilikuwa mbovu, amri zilichelewa, na wakubwa mjini Delhi hawakutarajia vita. Lakini jaribu kujiweka mahali pa yule kijana wa Kihindi aliyejilaza nyuma ya jiwe. Vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Kila baada ya mlio mmoja lazima aachie kifyatuo, ashike bolti ya chuma iliyoganda, na aanze upya. Mwenzake wa upande wa pili anabonyeza kidole tu.

India ikaamua kubadilika. Ilianza kutengeneza bunduki ya kisasa inayojijaza yenyewe, inayotumia risasi ya 7.62. Hapo pakazuka tatizo ambalo kila mwenye nyumba analijua: kitu kipya hakiwatoshi wote kwa siku moja. Jeshi lilikuwa kubwa, polisi walikuwa wengi, na bunduki mpya zilitoka kiwandani polepole. Je, wale waliobaki nyuma waendelee na .303, ili serikali itengeneze na kusafirisha aina mbili za risasi hadi milimani? Fikiria lori linafika kambini usiku baada ya safari ya siku tatu, na masanduku liliyobeba si ya bunduki za kambi hiyo.

Jibu la mafundi wa Ishapore lilikuwa la kushangaza kidogo. Waliichukua bunduki ileile ya zamani ya kuvuta bolti, yenye umbo la mwaka wa 1907, wakaifundisha kula risasi mpya.

MILIMITA SABA

Risasi mpya ilikuwa na urefu wa takriban milimita 71. Tofauti yake na ile ya .303 ni milimita saba, upana usiofika ule wa ukucha wa kidole chako cha shahada. Mtu asiyejua atauliza, tabu iko wapi? Si uzitie tu kwenye kijisanduku kilekile?

Sasa fikiria matatu ya abiria 14 iliyobeba abiria watatu pekee, na hakuna aliyefunga mkanda. Dereva akikanyaga breki, wote hujikuta mbele. Akiondoa kwa fujo, wote wanarudi nyuma. Ndivyo zinavyofanya risasi fupi ndani ya kijisanduku kirefu. Kila bunduki inapofyatuliwa hupiga teke kwa nyuma, na risasi zilizo ndani hutembea. Risasi ikikaa mbele au nyuma ya mahali pake, midomo huiachilia kwa wakati usiofaa. Ncha, ambayo sasa iko mbali na mlango wa chumba, hujikwaa kabla ya kufika. Mara inachimba chini, mara inaelekea mbinguni. Askari husukuma bolti, bolti inagoma.

Na urefu ni nusu tu ya taabu. Risasi mpya haina ukingo uliotokeza. Kitako chake kina kipenyo cha takriban milimita 12, ilhali ukingo wa .303 unakaribia milimita 14. Midomo iliyopimwa kwa kitu kipana hulegea kwa kitu chembamba. Kile kidole cha chuma kwenye bolti, ambacho hunasa kitako na kulitoa ganda tupu, kilizoea kushika ukingo mnene. Sasa lazima kiingie katika mfereji mwembamba uliochongwa kuzunguka kitako. Tena ganda la risasi mpya limenyooka zaidi, halikupungua sana kuelekea mbele, hivyo ukilipanga halitaki kijisanduku cha mshazari.

Mafundi wa Ishapore hawakujaribu kuzibazibia. Walitengeneza magazini mpya kabisa, ile yenye pembe za mraba niliyokuonyesha, ya risasi 12. Walibadilisha kidole cha kunasa ganda. Na kwa vile risasi mpya husukuma kwa nguvu zaidi inapolipuka, walitumia chuma bora kuliko kile cha zamani. Bunduki ya kwanza iliitwa 2A. Baadaye kidogo wakagundua kwamba kipimo cha kulengea shabaha kilichoandikwa hadi 2,000 kilikuwa ndoto tu, wakakipunguza hadi mita 800, na bunduki ikaitwa 2A1. Iliendelea kutengenezwa hadi katikati ya miaka ya 1970, na kwa kawaida huhesabiwa kuwa miongoni mwa bunduki za mwisho za kuvuta bolti zilizobuniwa kwa ajili ya jeshi la kawaida.

Huo ndio uhodari ninaousifu mimi. Si kila taifa maskini linaweza kusema, "Hatuna cha kutosha, basi tutakipima upya tulicho nacho," kisha likakipima kweli.

Waingereza wenyewe walipitia njia hiyohiyo baadaye kidogo. Walizichukua baadhi ya Lee-Enfield zao zenye shabaha nzuri wakazigeuza kuwa bunduki za wadunguaji zinazotumia 7.62, wakaziita L42A1, na kuanzia mwaka wa 1970 zikawa jeshini. Zilikwenda hata katika vita vya visiwa vya Falkland mwaka wa 1982. Kwao pia kijisanduku ndicho kilichobeba mzigo wa mabadiliko: mdomo wake wa nyuma upande wa kushoto uliinuliwa na kukazwa ili ufanye kazi ya pili ya kulirusha nje ganda tupu. Ukiitumia L42A1 na magazini isiyo yake, ganda huenda likabaki humohumo likikutazama.

KIPANDE CHA MBAO

Kuna wakati ambapo tumbo la bunduki lilibadilishwa si kwa ajili ya kulisha vizuri bali kwa ajili ya kulinyima chakula. Kisa hiki nacho ni cha Ishapore, wakati wa ukoloni.

Serikali ya Kiingereza nchini India ilihitaji polisi na walinzi wa magereza wenye bunduki. Wakati huohuo iliogopa kwamba siku moja bunduki hizo zingeweza kugeuzwa upande wa pili. Basi ikachukua Lee-Enfield, ikapanua mtutu na kuufanya laini ndani, bila ile mifereji inayoizungusha risasi ili iende mbali na moja kwa moja. Risasi yake, iliyoitwa .410, ilitengenezwa kutoka kwa ganda lilelile la .303 lakini bila shingo. Askari aliyeiba bunduki hiyo hangeweza kuitumia na risasi za jeshi.

Halafu wakamalizia kazi. Mahali palipokuwa na nafasi ya risasi 10 wakatia kipande cha mbao. Kilijaza kijisanduku chote, kikabakisha sehemu ya juu tu ya kuwekea risasi moja kwa mkono. Kwa mbali polisi alionekana ana silaha sawa na ya mwanajeshi. Kwa karibu, alikuwa na risasi moja na gogo.

Tafakari hilo, msomaji. Bwana mkubwa alimwamini askari wake kiasi cha kumpa bunduki, lakini hakumwamini zaidi ya risasi moja kwa wakati mmoja. Barua ngapi za kuhimiza utii zingeweza kueleza uhusiano wao waziwazi kama kile kipande cha mbao?

BUNDUKI ISIYOSIKIKA

Ikiwa milimita saba zilihitaji magazini mpya, itakuwaje risasi ikiwa fupi kwa zaidi ya nusu? Jambo hilo lilifanyika Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia.

Mhandisi William Godfray de Lisle alitaka bunduki ya makomando isiyosikika. Kelele za bunduki hazitokani na baruti peke yake. Risasi iendayo kasi kuliko sauti hupasua hewa na kutoa mlio wake wenyewe, ambao hauwezi kuzibwa na kitu chochote kwenye mtutu. Kwa hivyo alihitaji risasi nzito inayokwenda polepole. Aliipata katika bastola ya Kimarekani ya Colt ya mwaka wa 1911. Urefu wake wote ni milimita 32 hivi. Iweke kando ya .303 na utaona mtoto amesimama na babu yake.

Hapa hapakuwa na haja ya kurekebisha kijisanduku cha Lee. De Lisle alikitupa. Katika nafasi yake akaweka kitu cha kushikilia magazini ya bastola yenyewe, ya risasi saba, ambayo tangu mwanzo ilitengenezwa kwa ajili ya risasi hiyo. Mwili ukabaki wa Lee-Enfield, bolti ikachongwa upya, mtutu ukatoka katika bunduki ya Thompson. Inasimuliwa kwamba jaribio lake la mapema lilifanywa juu ya paa la jengo refu katikati ya London. Risasi zilipigwa kuelekea mto Thames ili kuona kama wapita njia barabarani wangeinua vichwa. Hawakuinua.

Kwa sababu bolti ilivutwa kwa mkono, hakuna kitu kilichocheza ndani ya bunduki wakati wa kufyatua. Kelele kubwa iliyobaki ilikuwa ya askari kuivuta bolti hiyo kwa ajili ya risasi ya pili. Zilitengenezwa bunduki zipatazo 130 tu. Baada ya vita zilitumiwa tena katika mapigano ya Malaya.

NAMBARI ZINAZODANGANYA

Huenda unajiuliza mambo haya yanamhusu vipi mtu wa Lodwar, Kapenguria au Isiolo. Yanamhusu sana, na hasa jamaa za polisi wa akiba, ambao tangu sheria ya mwaka wa 2011 huitwa askari wa National Police Reserve.

Katika sehemu hizo zimepita bunduki za kila aina. Mtu akisema "risasi ya saba nukta sita mbili" anadhani amesema kila kitu. Hajasema. Nambari hiyo ni kipenyo tu. Risasi ya G3 ni 7.62 na ganda lake lina milimita 51. Ya AK-47 pia ni 7.62, lakini ganda ni milimita 39. Iko ya tatu ya asili ya Kirusi, ya bunduki kubwa za rashasha, nayo vilevile ni 7.62, ila ganda lina milimita 54 na ukingo kama wa .303. Hata .303 yenyewe, ukiigeuza kutoka kwa inchi, ni milimita 7.7, tofauti ambayo jicho la mtu aliyechoka haliwezi kuiona. Ndugu wanne wenye sura moja, na kila mmoja ana nyumba yake.

Risasi inapokuwa adimu, kishawishi huwa kikubwa. Mtu ana bunduki ya .303, risasi zake hazipatikani, na jirani ana za aina nyingine. Fundi wa jua kali hodari wa kutengeneza majiko na vipuri vya baiskeli anatazama kijisanduku na kusema, "Hiki nakiweza." Labda kweli atakilazimisha kipokee risasi. Lakini kijisanduku ni mlango tu. Ndani zaidi pana chumba cha mtutu, na chumba kilichochongwa kwa risasi moja hakijali kwamba nyingine imefaulu kuingia. Ganda lisiloshikwa vizuri pande zote hupasuka. Moto na gesi hutafuta njia, na njia ya karibu ni nyuma, liliko jicho la mwenye kulenga.

Hii ndiyo sababu Ishapore haikuishia kwenye kijisanduku. Mtutu ulikuwa mpya, chuma kilikuwa kipya, na nambari ya risasi iligongwa juu ya bunduki. Waisraeli nao, walipozigeuza bunduki zao za Mauser za Kijerumani zitumie risasi hii mwishoni mwa miaka ya 1950, walichoma nambari 7.62 kwa moto kwenye kitako cha mbao, kwa herufi kubwa, ili hata asiyesoma vizuri ashtuke.

Mwenye leseni hapa nchini mwenye shaka na bunduki yake na alinganishe maandishi yaliyo kwenye mtutu na yaliyo kwenye kisanduku cha risasi. Yakitofautiana hata kwa tarakimu moja, aache. Kazi ya kurekebisha si ya karakana yoyote tu. Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, hairuhusu mtu kufanya biashara ya kutengeneza au kukarabati bunduki bila kusajiliwa. Na mjane au mtoto anayekuta bunduki ya marehemu darini asiijaribu kwa risasi yoyote aliyoikuta kando yake. Huenda babu alizihifadhi pamoja bila ya kuwa za nyumba moja. Aende kituo cha polisi akatoe habari, bunduki ikiwa palepale ilipo.

ZILIKOISHIA

Bunduki za .303 zilidumu India kupita matarajio ya wengi. Usiku wa tarehe 26 Novemba, 2008, washambuliaji wawili wenye AK-47 walipoingia katika kituo kikuu cha reli cha Mumbai na kuua zaidi ya watu 50, baadhi ya polisi wa reli waliokuwa zamu walikuwa na .303. Magazini ya AK-47 hubeba risasi 30 na hujilisha yenyewe. Katika jimbo la Uttar Pradesh polisi waliiaga rasmi .303 katika gwaride la Siku ya Jamhuri, tarehe 26 Januari, 2020.

Ile nduguye ya risasi fupi, 2A1, ilisafiri mbali zaidi. Nyingi ziliuzwa ng'ambo kama mitumba ya kijeshi, na huko Marekani wapo wanaozitumia kuwinda paa. Kijisanduku cha mraba kingali kikiwasumbua. Akipoteza chake, mwenye 2A1 anaweza kuona magazini za .303 zimepangwa dukani, zinazofanana na yake na za bei nafuu, lakini hawezi kuzitegemea, kwa ajili ya zile milimita saba.